Kahawa ya Afande Okello Bado Imesimama

Mpendwa mshauri,

Jumapili iliyopita, watu walipokuwa wanatoka kanisani, mwenyekiti wa kikundi chetu cha kahawa hapa Karambi, Mzee Bwambale, alisimama kwenye ngazi akatangaza kwamba malipo ya ruzuku ya serikali hayatatoka kwa mwanachama hata mmoja mpaka kahawa ya zamani iliyobaki kwenye kilima chetu ing'olewe yote, na kila mtu akageuka kuniangalia mimi, kwa sababu kahawa ya zamani iliyobaki ni yangu peke yangu. Naomba msaada wako, na naomba usilifiche jina langu, haitasaidia kitu, ukisema tu "mama mmoja wa Karambi mwenye kahawa ndefu" watu wote kutoka hapa mpaka Bwera watajua ni Ayaa, mjane wa Sajenti Okello, ambaye wengine wananiita Mama Afande na wengine Mama Amony kwa jina la binti yangu.

Nikueleze kwanza mpango wenyewe, maana hata mimi nilichukua muda kuuelewa. Serikali inawalipa wakulima wanaong'oa kahawa iliyozeeka na kupanda miche mipya, malipo yanakuja kwenye simu ya kila mtu, lakini kwa sisi wa milimani kuna sharti, kilima kizima kinahesabiwa kama shamba moja, kwa sababu mitaro ya fanya juu, ile inayokata mlima ili kuzuia udongo, inatakiwa ipite shamba hadi shamba bila kukatika, na ikikatika kwa mtu mmoja, maji ya mvua yote yanapitia pale na kuwashukia walio chini. Shamba langu ndilo la juu kabisa. Wenzangu walianza kung'oa Januari, na mwezi ule wote nilikwenda kukaa kwa binti yangu Amony kule Bulembia, nikasema nina shinikizo la damu nataka kuwa karibu na hospitali, lakini ukweli ni kwamba sikutaka kuona mti wa kahawa ukianguka, na niliporudi nikakuta kilima kimenyolewa chote, udongo mwekundu mtupu kuanzia mtoni, na kule juu kahawa yangu imesimama kijani peke yake kama kofia. Miche iko kwenye kitalu karibu na mto, wanainywesha kwa zamu, mvua ya Machi inakaribia, na wale waliong'oa hawana kahawa ya kuuza mpaka hiyo mipya ianze kuzaa, kwa hiyo ruzuku ndiyo wanayoitegemea kwa karo na chakula. Nayajua yote haya. Siku hizi nikipita njiani wanaacha Kiswahili wanaingia Kikonzo, wanasahau kwamba Kikonzo nimekijua kabla baadhi yao hawajaota meno.

Sasa nikuambie kuhusu hiyo kahawa, unisamehe nikirefusha.

Nilikuja Bwera mwaka wa tisini na saba nikiwa msichana niliyeolewa na askari, wakati wa vita vya waasi wa milimani, tukakaa kambini kwenye zile nyumba za mabati za duara zenye mlango mfupi ambazo kila mtu aliziita mama ingia pole, tulikuwa Waacholi, Walango, Waganda, Waiteso, kila mmoja na jiko lake na moshi wake, na hakukuwa na lugha ya kugombana wala ya kupatana isipokuwa Kiswahili. Jirani yangu Nabukenya alinifundisha kufunga ndizi kwenye majani, mimi nikamfundisha kusaga simsim pamoja na karanga, na asubuhi ukungu ulikuwa unashuka kutoka mlimani mpaka kambini, unasikia askari wanakimbia mchakamchaka, unasikia wimbo na viatu, lakini mtu huoni, halafu wanatokea ghafla mbele yako wote wanatoa mvuke kama sufuria. Sijui kama kuna mtu bado anaimba zile nyimbo.

Okello alikuwa anapanda doria kule juu, na kwetu Kitgum hakuna kahawa, sisi tunajua simsim na uwele na ng'ombe, alikuwa hajawahi kuona kahawa ikichanua. Siku moja alirudi na tawi la maua kwenye mfuko wa shati la kombati, limeshanyauka, akanipa akasema, "Nusa. Nikistaafu nitalala ndani ya hii." Nilimcheka, nilidhani ni uchovu. Lakini alipostaafu hakutaka kusikia habari ya kurudi kaskazini, alinunua kipande hiki cha juu, chenye mteremko mkali ambacho aliyemuuzia alikuwa amewaachia mbuzi, na tukaanza kupanda.

Mshauri, Okello alipanda kahawa kama askari. Alileta kamba na vigingi, akapima kwa hatua za paredi, akapanga mistari iliyonyooka kutoka juu kwenda chini, huoni mti uliotoka nje ya laini. Ketura, ambaye shamba lake liko chini ya letu, alipanda kuja kutazama, akashika kiuno.

"Afande," alimwambia, "hapa kwetu mistari inalala, haisimami. Panda kukata mlima."

"Askari halali kwenye paredi," Okello akamjibu.

"Kahawa si askari."

"Itakuwa."

Ikaitwa kahawa ya paredi. Watoto wakitoka shule walikuwa wanapita makusudi, na Okello akiwaona anasimama mbele ya ile mistari anapiga kelele, "Kahawa! Mbele tazama! Wewe wa nyuma, ingiza tumbo!" na watoto wanaanguka chini kwa kicheko. Na kila baada ya mvua kubwa Ketura alikuwa anapanda mlima na karai la udongo kichwani, analimwaga kwenye shina la mti wetu wa mwisho, anajipangusa uso, anasema, "Afande, udongo yako ilikuja kunitembelea. Nimeirudisha nyumbani." Okello anampigia saluti. Tulicheka hivyo miaka yote, hata nikisikia mvua nzito nilikuwa najua kesho tutapata mgeni.

Okello alikufa miaka minne iliyopita kwa ugonjwa wa kifua. Kwa desturi yetu mtu anazikwa kwao, kwa hiyo gari lilimbeba mpaka Kitgum na akawekwa karibu na baba yake, na mimi nilikaa kule mpaka matanga yalipokwisha, halafu nikarudi kwa sababu kahawa ilikuwa imeiva na hakuna mwingine wa kuichuma. Hapa watu wana wafu wao karibu. Mume wa Ketura yuko chini ya migomba nyuma ya jikoni, Ketura akifagia uwanja anamfagia na yeye, anamwambia bei ya kahawa imepanda, anamwambia mbuzi amezaa. Mimi sina wa kufagia. Nina ile mistari tu, ambayo aliikanyaga mguu kwa mguu, na ikichanua baada ya mvua ya kwanza nafungua dirisha, na ndiyo sababu sikuweza Januari na siwezi sasa. Shemeji yangu ananipigia simu kutoka Kitgum, kila mara neno ni lile lile, "Unalinda nini huko? Mtu wako tuko naye hapa," na mimi nilikuwa nikimjibu, nalinda shamba la kaka yako. Nikiling'oa nitamjibu nini?

Sasa jambo lililonifanya niandike. Jumatatu, siku moja baada ya lile tangazo la kanisani, nilifungua mlango asubuhi nikakuta watu wamesimama kwenye mpaka wa shamba langu, wanaume na wanawake, wana mapanga na majembe, Bwambale yuko mbele. Hawakuingia. Mimi nimeishi kambini wakati wa vita, najua watu waliosimama kimya na mapanga maana yake ni nini.

"Mama Afande, umeamkaje?" Bwambale akasema.

"Nimeamka. Mnataka nini?"

"Hatutaki kitu. Sisi tuko tu."

"Mko tu na mapanga?"

"Panga ni ya kutembea nayo, Mama."

"Basi tembeeni."

Mtu mmoja akacheka, akanyamazishwa. Walisimama mpaka jua likapiga bati la nyumba, halafu wakaondoka. Jumanne wakarudi vile vile. Jumatano wakarudi, na siku ile Ketura alikuwa pamoja nao, ana sufuria kubwa kichwani imefunikwa jani la mgomba, Ketura rafiki yangu, ambaye hajawahi kusimama kwenye mpaka wangu hata siku moja, yeye huingia moja kwa moja mpaka jikoni. Nilitoka na panga langu mkononi. Akaliangalia, akaniuliza, "Mama Amony, panga yako iko na makali?"

Nikamwambia, "Ina makali ya kumtosha yeyote atakayevuka hapa."

 Aliweka sufuria chini kidogo, kama mtu anayepumzisha shingo, halafu akaibeba tena, wakashuka wote. Tangu siku hiyo hakuna aliyekuja, hata kuniomba chumvi.

Nimemwomba Bwambale anitoe kwenye kikundi ili waendelee bila mimi, akasema haiwezekani kwa sababu shamba langu ni la juu na mitaro inaanzia kwangu. Amony ananiambia, "Mama, si ung'oe, ni miti tu," nikamkatia simu. Na kuna rafiki wa zamani wa marehemu, naye mstaafu, amesikia habari ya mapanga, anasema niseme neno tu atakuja na wenzake wawili wakae shambani kwangu na bunduki yake ya kazi ya ulinzi, tuone nani atasimama tena kwenye mpaka. Sijamkubalia na sijamkataa. Anasubiri jibu langu, na mimi nasubiri lako.

Ni mimi Ayaa,
Karambi.


JIBU

Mama Amony,

Acha kusoma hapa, mpigie simu huyo mstaafu, umwambie abaki nyumbani kwake. Kisha urudi tuendelee. Mtu akiingia kwenye kilima kile na bunduki, mambo mawili yatakuwa yamekwisha siku hiyo hiyo: ruzuku ya majirani zako, na maisha yako Karambi. Huenda na ya mtu mwingine pia. Hilo halina mjadala.

Umerudi? Sasa tuongee kuhusu Jumatatu.

Umenieleza kwamba watu walikuja na mapanga na majembe, wakasimama kwenye mpaka bila kuuvuka, wakakuamkia, wakasema hawataki kitu. Wakaja tena kesho yake. Siku ya tatu wakaja na chakula. Mama, watu wanaotaka kumvamia mtu hawabebi sufuria. Na hawamwamkii kwanza.

Nimekulia Munkunyu, kwenye kahawa, na nitakueleza jambo ambalo majirani zako hawakukueleza kwa sababu hawakujua kwamba hulijui. Kwa Wakonzo wa milima ile, mtu hapigi panga kwenye kahawa ya mwenzake kabla mwenye shamba hajapiga la kwanza. Hata akiwa mgonjwa anashikwa mkono, anagusishwa panga kwenye shina, ndipo wengine wanaingia. Na hakuna anayemwambia "kata". Kahawa imesomesha watoto wa mtu, huwezi kusimama mbele yake ukamwamuru aiangushe. Kwa hiyo majirani wanakuja na vifaa vyao, wanasimama kwenye mpaka, wanasema wapo tu. Akiwa tayari, anapiga. Asipokuwa tayari, wanarudi kwao na kesho wanakuja tena. Siku wanayodhani atapiga, jirani wa karibu zaidi anapika, kwa sababu mwenye shamba siku ile hatakiwi kushika mwiko.

Ketura alikuja na sufuria. Alikuuliza kama panga lako lina makali, kwa maana ya kukuuliza kama uko tayari. Wewe ukatishia kumkata.

Sikulaumu kwa kutojua. Ulijifunza kambini wakati wa vita, na wakati wa vita mtu aliyesimama kimya kwenye mpaka alikuwa na maana moja. Lakini nakulaumu kwa Januari. Kilima kizima kiling'olewa kwa desturi hiyo, shamba baada ya shamba, na kama ungekuwepo ungeiona mara nyingi mpaka ukaichoka. Wewe ulikuwa Bulembia na shinikizo la damu la kubuni. Ulikimbia kuona, kwa hiyo hukujua ulichokiona Februari.

Bwambale naye hatasalimika. Amekaa na jirani kutoka Kitgum zaidi ya miaka ishirini, na haikumjia kwamba desturi isiyosemwa haiwezi kujulikana na mtu ambaye hajawahi kung'oa kahawa. Na kumwanika mjane kwenye ngazi za kanisa si kazi ya mwenyekiti. Angepanda mlima akaketi jikoni kwako, habari hii ingekwisha kwa chai. Mzee Bwambale, ukisoma hapa, unajua la kufanya.

Nimempigia simu Tumwesigye, afisa kilimo anayesimamia mpango huo upande wenu, nikamuuliza kama kuna njia yoyote ya kukuachia ile mistari. Jibu lake ni hapana. Kahawa iliyopandwa kushuka mlima hailipwi, na shamba la juu haliwezi kurukwa, maana mitaro yote inategemea mtaro wa kwanza. Nilimuuliza kama inatosha kukata mashina mpaka usawa wa goti ili yachipue upya. Kwa mashamba mengine, ndiyo. Kwa lako, hapana, kwa sababu shida si uzee wa miti, ni jinsi ilivyosimama. Nimekuletea jibu kama alivyonipa. Ni zito, lakini sasa unajua hakuna mlango wa nyuma, na unaweza kuacha kuutafuta.

Kuna jambo jingine nimelisoma kwenye barua yako, na sidhani kama ulikusudia nilione. Umesimulia karai la Ketura kama kichekesho. Kilikuwa kichekesho kwa waliokuwa juu. Kwa mwanamke aliyekuwa chini, kila mvua kubwa ilikuwa inafukia maharage yake, na kesho yake alikuwa anauchota udongo wenu, anaubeba kichwani, anapanda nao mteremko uliokuwa umeachiwa mbuzi, na akifika juu anatafuta neno la kuwachekesha ili msione haya. Alifanya hivyo miaka yote hiyo. Hakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, hakudai fidia, hakusimama kwenye ngazi za kanisa. Okello alikuwa askari mzuri, nina hakika alikuwa mume mzuri, na alipanda kahawa vibaya. Ketura alimwambia siku ya kwanza. Yote hayo ni kweli kwa pamoja, na huhitaji kuficha moja ili kulinda jingine.

Sitakuambia ni miti tu. Amony amekosea hapo, ingawa kakosea kwa kukuhurumia, na wewe umpigie tena leo, maana ulimkatia simu. Mtu aliyekuletea tawi lililonyauka kwenye mfuko wa kombati aliona kitu kule juu ambacho waliozaliwa kule walikuwa wameacha kukiona. Mimi mwenyewe sijanusa kahawa ikichanua kwa miaka mingi, nakaa mjini, na niliposoma mstari ule niliweka barua chini kwa muda. Enzi ya mama ingia pole, ya ukungu unaoimba, ya jirani anayekufundisha kufunga ndizi kwa lugha ambayo si yake wala yako, hairudi, na hukuitunza wewe kwa kukataa kung'oa. Imetunzwa kwa sababu uliishi ndani yake na unaweza kuisimulia. Lakini maua unaweza kuyapata tena. Fanya hivi.

Pita kwenye ile mistari wiki hii, chuma punje zilizoiva. Kahawa ya zamani haikosi punje chache zilizochelewa. Ziminye, zioshe, zikaushe kivulini, panda kwenye makopo nyuma ya jikoni. Tumwesigye nilimuuliza na hilo pia, akasema uwanja wa nyumba haupimwi, mtu anaweza kuotesha anachotaka pale. Miche michache iliyotoka kwenye kahawa ya mume wako itachanua chini ya dirisha lako, karibu zaidi kuliko ilivyokuwa. Na ukipanda, ilaze mistari.

Kuni za kahawa ni nzuri, zinawaka polepole. Usiziuze. Wagawie watakaokuja kukusaidia, Ketura wa kwanza.

Shemeji yako anauliza unalinda nini. Jibu lako lilikuwa shamba la kaka yake, kwa maana ya ile kahawa, na ndiyo maana unaogopa kuipoteza. Lilikuwa jibu baya tangu mwanzo. Una nyumba uliyoijenga. Una binti wa safari fupi tu kutoka kwako. Una jirani aliyepanda mlima na sufuria ya chakula siku mbili baada ya wewe kuwaambia wenzake watembee. Ukitaka kurudi Kitgum siku moja, rudi, ni kwenu, na hakuna atakayekulaumu. Lakini usiamue jambo hilo ukiwa na hasira na watu wa Karambi, wala usiamue kabla miche mipya haijazaa mara ya kwanza. Kwa sasa, mvua ikishatulia, panda basi uende kaskazini ukae na kaburi lake siku kadhaa. Mweleze mwenyewe umefanya nini na kwa nini. Alikuwa askari, anajua maana ya kuhamishwa kikosi.

Kuhusu Ketura, sikumpigia. Ningeweza, namba yake haiwezi kukosekana kwenye kilima kile, lakini kazi hiyo ni yako na haifanywi kwa simu. Jumamosi jioni shuka kwake. Usitume mtu. Ukifika, usianze na habari ya panga, anza na kumfagilia uwanja, hata kama atakunyang'anya fagio. Kisha mwambie kwa Kikonzo, maana unakijua, maneno mawili tu: "Sikujua. Jumatatu mtakuja?" Asipokujibu mara moja, kaa. Umeshiba chakula chake miaka mingi, unaweza kukaa na kimya chake jioni moja.

Jumatatu watakaposimama kwenye mpaka, usiwaulize wanataka nini. Chagua mti mmoja, wowote utakaouweza, piga panga la kwanza, halafu ukae chini. Mengine watafanya wao. Ukilia, lia, kule kwetu hakuna mtu aliyewahi kumshangaa mwenye shamba kwa hilo. Baba yangu alilia, na yeye alikuwa mtu mgumu kuliko mawe ya Kilembe.

Mitaro itahitaji siku nzima ya Jumanne. Miche itapandishwa kutoka kitaluni baada ya ukaguzi wa mitaro, ule unaoruhusu ruzuku itoke, si kabla, kwa hiyo usikubali mtu yeyote akuharakishe kupanda. Tumwesigye amethibitisha kwamba timu ya ukaguzi itafika Karambi Jumatano, tarehe 11 Machi, saa nne asubuhi, na itaanzia shamba la juu.